Gari Lililozikwa Mchangani, na Watu Waliolifukua

Mwezi Machi 1927, katika ufuko wa Pendine kusini mwa Wales, watu walichimba shimo kwenye matuta ya mchanga wakazika gari. Gari hilo liliitwa Babs. Mwenyewe, John Godfrey Parry-Thomas, alikuwa amefia humo tarehe 3 ya mwezi huo akiitafuta upya rekodi ya dunia ya mwendo kasi wa nchi kavu, rekodi aliyokuwa ameishika kisha akanyang'anywa. Wenzake hawakutaka chombo kilichomuua kikarabatiwe, wala kiuzwe, wala kizungushwe kwenye maonyesho watu walipe kiingilio kukitazama. Wakakifukia. Kikakaa chini ya mchanga miaka 42.

Wakati ule uamuzi huo haukumshangaza mtu. Gari lilikuwa chombo cha kazi: likichakaa linauzwa kama chuma chakavu, likiua linaondolewa machoni. Waliofikiri kwamba gari linastahili kutunzwa kwa ajili ya historia yake walikuwa wachache mno. Lakini mwaka huohuo, miezi minane baada ya maziko ya Pendine, kusini mwa Uingereza kulifanyika jambo dogo lililoanza kugeuza fikra hizo, na mwishowe likazaa watu wa kwenda Pendine na makoleo. Habari za watu hao ndizo ninazozisimulia hapa. Nimezipenda kwa sababu moja: kila ninapofuatilia gari la kale lililofufuka, nakuta kundi zima nyuma yake. Huyu ana injini, yule ana mchoro, na mwingine hana kitu ila anakuja kila Jumamosi kushika taa.

Babs halikuzaliwa na jina hilo. Lilijengwa na Count Louis Zborowski, kijana tajiri aliyeishi Higham Park, jumba kubwa karibu na Canterbury. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza injini za ndege zilibaki nyingi bila kazi, na Zborowski alizipenda kupita kiasi. Mwaka 1921 alifunga injini ya Maybach ya lita 23 kwenye chesisi ya Mercedes, akaliita gari hilo Chitty Bang Bang. Ndilo lililompa mwandishi Ian Fleming jina la hadithi yake ya watoto miaka mingi baadaye. Gari jingine, Higham Special, lilipewa injini ya Liberty ya Kimarekani yenye silinda 12, lita 27 na nguvu farasi zipatazo 450. Giaboksi ilitoka kwenye gari la Benz, na nguvu ya injini ilifika magurudumu ya nyuma kwa minyororo miwili, mmoja kila upande. Gari dogo linalopishana nasi leo Dar es Salaam au Mombasa lina injini ya lita moja na nusu. Mtu aweke kumi na nane za namna hiyo mbele ya dereva mmoja, ndipo aelewe Zborowski alikuwa akicheza na nini.

Zborowski alifariki Oktoba 1924 kwenye mashindano ya Monza, Italia, akiendesha Mercedes. Parry-Thomas akalinunua Higham Special kutoka kwenye mirathi kwa pauni 125.

Huyu alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Wrexham, Wales, mwaka 1884, akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya Leyland, akaisanifia gari la kifahari lililoitwa Leyland Eight. Kisha akaiacha kazi hiyo nzuri akahamia kwenye nyumba ndogo kando ya uwanja wa mashindano wa Brooklands, kusini magharibi mwa London, apate kuishi na magari yake. Hakuoa. Picha nyingi zinamwonyesha amevaa sweta ya sufu yenye nakshi za Fair Isle, mafuta mikononi. Alilifumua gari la Zborowski, akalitia kabureta nne na pistoni alizozisanifu mwenyewe, akalibatiza Babs. Mwishoni mwa Aprili 1926, kwenye mchanga ulioshindiliwa na maji ya bahari pale Pendine, alivunja rekodi siku mbili mfululizo na kuifikisha kilomita 275 kwa saa. Februari 1927 Malcolm Campbell akaja ufuko uleule na kuifikisha 281. Parry-Thomas akarudi Machi kuidai, na hakutoka hai.

Kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 29, Henry Segrave alikimbia karibu kilomita 328 kwa saa huko Daytona, Marekani. Hata kama Babs lingenusurika, lingekuwa tayari ni gari la jana. Walioshika makoleo Pendine walizika gari la rafiki yao, na bila kukusudia wakauhifadhi mtindo wa uhandisi ambao katika muda wa wiki nne ulikuwa umepitwa na wakati.

Mwezi Juni mwaka huohuo, kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, Bentley tatu zilikumbwa na ajali moja usiku kwenye kona iitwayo White House. Dereva wa ile ya mwisho, S. C. H. Davis, ambaye watu walimwita Sammy, aliona udongo na vipande vya mbao barabarani, akaanza kupunguza mwendo kabla hajaiona ajali yenyewe. Aligonga hata hivyo. Chesisi ilipinda, taa moja ikavunjika. Davis alilichungulia gari lake gizani, akafunga kilichofungika, akaendelea. Yeye na mwenzake, daktari Dudley Benjafield, walishinda. Jarida la Autocar, ambalo Davis alikuwa mhariri wake wa michezo, lilifanya karamu katika hoteli ya Savoy jijini London, na mgeni rasmi akawa gari lenyewe. Liliingizwa ukumbini lilivyo, limebonyea.

Namtaja Davis kwa kuwa ndiye atakayetuvusha hadi kwenye jambo lile la Novemba.

Tarehe 14 Novemba 1896 sheria mpya ya Uingereza ilipandisha mwendo halali wa magari kutoka maili 4 kwa saa hadi maili 14, ikaondoa pia sharti la mtu kutembea kwa miguu mbele ya gari kuonya watu. Siku hiyo wenye magari walisafiri pamoja kutoka London hadi Brighton kusherehekea uhuru wao, na wengi waliharibikiwa njiani. Miaka 31 baadaye, Novemba 1927, gazeti la Daily Sketch liliirudia safari hiyo kwa magari yaliyokwisha kuzeeka. Sina shaka kwamba shabaha ya kwanza ilikuwa kuchekesha. Watu walijipanga barabarani kutazama mikweche ikitoa moshi, na magazeti yaliipa majina ya kejeli. Lakini jambo likirudiwa kila mwaka hutafutiwa maandalizi. Aliyeleta gari la mwaka 1899 likakwama alirudi nyumbani na swali: mwakani nifanye nini lisikwame? Na jibu hakuwa nalo, kwa maana kiwanda kilikwisha kufungwa, fundi aliyelijenga alikwisha kufa, na kitabu cha maelekezo pengine hakikuwahi kuandikwa. Aliyekuwa na jibu ni yule aliyekuwa amesimama kando yake hapo Brighton, mwenye gari kama lake.

Mwaka 1930, jioni ya safari hiyo, Davis na wenzake wawili, J. A. Masters na J. A. Wylie, walikaa katika hoteli ya Old Ship mjini Brighton wakaanzisha klabu ya wenye magari ya mwanzo kabisa, Veteran Car Club. Davis mwenyewe alikuwa na kigari cha magurudumu matatu aina ya Léon Bollée cha mwaka 1897, akakiita Beelzebub, na alikiendesha kwenye safari hiyo kwa miaka mingi. Bingwa wa Le Mans juu ya kigari cha aina hiyo: heshima aliyoyapa magari haya ilisikika kuliko hotuba. Klabu ilianza kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo msingi wa yote yaliyofuata, nayo ni kuyatambua magari. Wanachama walikusanya michoro, orodha za bei, matangazo ya magazeti na namba za chesisi, wakalinganisha, wakabishana, hadi wakaweza kumwambia mtu: gari lako si la 1902 kama ulivyoambiwa, ni la 1904, na kabureta hiyo si yake. Mpaka leo hati ya klabu hiyo juu ya umri wa gari ina uzito mkubwa, kwani safari ya Brighton hupokea magari yaliyojengwa kabla ya Januari 1905 tu.

Mwaka 1934 likazaliwa kundi jingine, Vintage Sports-Car Club. Hawa wengi walikuwa vijana wasio na fedha nyingi. Waliamini kwamba baada ya mdororo wa uchumi wa 1929 viwanda vilianza kubana matumizi, na kwamba magari bora yalikuwa yale ya kabla ya mwisho wa 1930, ambayo wakati huo yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Kwao gari la kale lilikuwa la kushindana. Mmoja wao, Cecil Clutton, alikuwa na Itala ya mashindano ya mwaka 1908, injini lita 12, naye aliikimbiza uwanjani miongo kadhaa. Wapo waliowalaumu watu wa namna hii kwamba wanahatarisha vitu visivyopatikana tena. Mimi nasimama upande wa Clutton. Gari la mashindano lililofungiwa kwenye kioo halifundishi fundi kitu. Linalokimbia huvunjika, na kila linapovunjika mtu mmoja zaidi hujifunza kulitengeneza.

Kisha vita. Kuanzia Septemba 1939 petroli ilitolewa kwa mgao, na mwaka 1942 mgao wa watu binafsi ukakatwa kabisa. Magari yalipandishwa juu ya matofali mabandani. Mengi zaidi yalikwenda kuyeyushwa, kwa kuwa serikali ilihitaji chuma. Mtu angedhani mapenzi haya yangefia hapo. Yaliokolewa kwa sehemu kubwa na jarida moja lililokonda kwa uhaba wa karatasi, Motor Sport, na mhariri wake William Boddy. Mashindano hayakuwepo, magari mapya hayakuwepo, basi Boddy alijaza kurasa kwa barua na makala za wasomaji. Aliwaomba waandike juu ya magari waliyowahi kumiliki. Wakaandika: askari kambini, wahandisi wa viwanda vya ndege, watu waliokuwa hawajashika usukani mwaka wa pili. Huyu alieleza gari aliloliuza akijuta, yule alitaja bodi ya Bugatti aliyoiona nyuma ya ghala, mwingine alitaka kujua nani ana mfuniko wa silinda wa injini fulani. Kurasa hizo zikawa baraza. Amani iliporudi, watu ambao hawakuwahi kuonana walikuwa wanajua nani ana nini, na nani anajua nini. Boddy alikuwa mhariri tangu 1936 hadi 1991, na aliandika mpaka alipofariki mwaka 2011 akiwa na miaka 98.

Ndiye pia aliyeanzisha mwaka 1939 klabu ya wenye Austin Seven, kigari cha bei nafuu ambacho zaidi ya 250,000 vilijengwa kati ya 1922 na vita. Hapo ndipo mapenzi haya yalipowafikia watu wa mshahara mdogo. Austin Seven mbovu mbili zingeweza kuzaa moja nzima, na mtoto wa shule angeweza kuifungua injini yake juu ya meza ya jikoni. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alianza hivyo mwaka 1948, kwa kuigeuza Austin Seven kuukuu.

Mwaka 1953 ikatoka filamu ya Genevieve, habari ya wanaume wawili wanaoshindana kurudi London baada ya safari ya Brighton, mmoja kwa Darracq ya 1904, mwenzake kwa Spyker. Magari hayo yalikuwa ya wanachama wa Veteran Car Club walioyaazimisha. Darracq ilikuwa ya Norman Reeves. Filamu ilipendwa mno, na ghafla kila aliyekuwa na chuma cha kutu kwenye banda la babu yake alikiangalia kwa jicho jipya. Mwaka mmoja kabla yake Lord Montagu alikuwa ameweka magari matano kwenye sebule ya jumba lake la Beaulieu kumkumbuka baba yake, mmoja wa waanzilishi wa udereva nchini. Sebule ile ilikua ikawa makumbusho ya taifa. Mwaka 1967 palepale Beaulieu likaanza soko la vipuri vya kale, ambapo watu hutandaza chini taa zisizo na vioo, magneto, honi, bomba na nembo za viwanda vilivyokufa. Mtu hupita meza mia akitafuta nati moja ya shaba. Akiipata, wanaofurahi ni yeye na muuzaji pamoja, kwa kuwa muuzaji naye anajua imekaa miaka mingapi ikisubiri gari lake.

Ifahamike kazi yenyewe inavyokuwa, maana bila hivyo mtu hawezi kuelewa kwa nini wenzake wanahitajika. Beringi za injini hizi hazinunuliwi dukani. Huyeyushwa madini meupe ya bati, yakamiminwa moto mahali pake, kisha yakachongwa taratibu mpaka krankshafti ikae sawasawa. Kipande cha injini kilichopasuka huenda kikahitaji kutengenezwa upya: unachongwa mfano wa mbao, mkubwa kidogo kuliko kipande chenyewe kwa sababu chuma husinyaa kikipoa, mfano unatiwa kwenye kalibu ya mchanga, na chuma kinamiminwa. Mifupa ya bodi ni ya mti wa ash, nayo huoza kwenye maungio. Bati hupigwa kwa mkono. Magurudumu ya spoki husukwa moja moja na kunyooshwa. Hakuna mtu mmoja anayeyajua yote hayo. Aliyekulia jirani na mafundi wa Gerezani au Kamukunji anaelewa bila kuambiwa: fundi wa bati ni mmoja, fundi wa umeme ni mwingine, na mwenye gari ni yule anayetembea kati yao akiwa na kipande mkononi.

Ugumu mwingine uko moyoni. Kufumua gari ni kazi ya furaha, inakwenda haraka na kila mtu anapita kuangalia. Mwaka wa tatu gereji imejaa mikebe ya boliti zisizo na majina, fedha zimekwisha, nyumbani wamechoka kuuliza, na kinachoonekana ni chesisi tupu iliyopakwa rangi. Magari mengi hufa mara ya pili hapo. Huuzwa yakiwa vipande ndani ya masanduku. Yanayonusurika ni yale ambayo mwenyewe alipata mtu wa kumfuata. Klabu ziliijua hali hii mapema, na taratibu zake nyingi zinaizunguka: jarida la wanachama lenye picha za kazi isiyokamilika, mikutano ya jioni kwenye gereji ya mtu, watu kumi kuchangishana gharama za kalibu ili zitoke krankshafti kumi badala ya moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mchango wa wengi hufanya zaidi ya kupunguza bei. Aliyekwisha kutoa fedha yake kwa krankshafti ya pamoja ameahidi mbele ya watu kwamba atamaliza.

Katika dunia hiyo ndipo Owen Wyn Owen alipoanza kuuliza habari za Babs. Alikuwa mwalimu wa ufundi mjini Bangor, kaskazini mwa Wales, akiishi Capel Curig katikati ya milima ya Eryri, na alikuwa na uzoefu wa kufufua magari. Kila mtu Pendine alijua kwamba gari limezikwa. Hakuna aliyeonyesha kwa uhakika ni wapi. Sehemu ile ilikuwa imeingia ndani ya eneo la jeshi la kujaribia silaha, hivyo ruhusa ya wizara ya ulinzi ilihitajika, pamoja na ridhaa ya jamaa wa marehemu. Wapo pia waliopinga wakisema ni kufukua kaburi. Siwalaumu. Parry-Thomas mwenyewe alizikwa kwenye uwanja wa kanisa huko Byfleet, karibu na Brooklands, lakini kwa wazee walioiona ajali, mchanga wa Pendine ulikuwa sehemu ya maziko yake. Owen alifuata kila ruhusa kwa subira, na mwaka 1969 wakachimba.

Kilichotoka kilitisha. Chumvi na maji vilikuwa vimeitafuna bodi, na sehemu za aluminiamu zilikuwa zimeliwa vibaya. Wengi waliona mabaki ya kuwekwa kwenye jukwaa yakaelezwe kwa kibao. Owen aliona gari. Alilibeba hadi Capel Curig, na kwa muda wa takriban miaka 15 yeye na waliomuunga mkono walilirudisha, likawa gari linalowaka na kutembea. Walisaidiwa na bahati moja: zaidi ya injini 20,000 za Liberty zilijengwa wakati wa vita na baada yake, kwa hiyo moyo wa Babs haukuwa kitu cha pekee duniani. Yaliyobaki yote, kuanzia bodi ndefu yenye mkia hadi vifuniko vya minyororo, yalikuwa ya pekee, na yalifuatwa kwenye picha za zamani na kwenye vipande vilivyookolewa.

Mabaki yalizungumza pia. Tangu 1927 watu walisimulia kwamba mnyororo wa kuume ulikatika ukampiga dereva kichwani. Gari lilipochunguzwa, ushahidi uliwaelekeza wataalamu kwenye gurudumu la nyuma la upande wa kulia, kwamba hilo ndilo lililovunjika kwanza, na mnyororo ukafuata. Kama Babs lisingefukuliwa, Parry-Thomas angeendelea kukumbukwa kama mhandisi aliyeuawa na mnyororo wa gari lake mwenyewe. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kujibu hoja ya kaburi.

Linabaki swali gumu zaidi: gari lililorudishwa namna hiyo ni lilelile? Mwaka 1990 swali hilo lilifika mahakamani London. Bentley iitwayo Old Number One, mshindi wa Le Mans mwaka 1929 na 1930, iliuzwa kwa takriban pauni milioni 10, kisha mnunuzi akakataa kulipa akidai kwamba si gari lenyewe, maana karibu kila kitu kilikwisha kubadilishwa. Jaji Otton alikubali kuwa vya 1929 vimebaki vichache mno. Hata hivyo aliamua kwamba gari hilo lilibadilika hatua kwa hatua bila historia yake kukatika, halikuwahi kutoweka na kuundwa upya, na hakuna jingine duniani linaloweza kudai jina hilo. Mnunuzi akaamriwa alipe. Wapenzi wa magari wamebishana juu ya hukumu hiyo tangu siku ile, nami naiona ya haki, kwa sababu inatambua wanachokijua mafundi: gari la mashindano lilikuwa likibadilishwa vipande tangu wiki yake ya kwanza.

Mfano wa Owen uliwapa wengine ujasiri wa kugusa yaliyodhaniwa kuwa hayawezekani. Unaonivutia zaidi ni wa Fiat S76. Kiwanda cha Turin kilijenga mbili tu, karibu na mwaka 1911, kila moja ikiwa na injini ya silinda nne na lita 28.4, yaani lita saba kwa silinda moja. Mwaka 1913 Arthur Duray alifikia kilomita 213 kwa saa huko Ostend, Ubelgiji, bila rekodi kuthibitishwa kwa kuwa hakuweza kurudi upande wa pili kwa wakati. Baada ya Vita Kuu magari yote mawili yalitawanyika. Chesisi ya moja ilionekana Australia. Injini ya jingine ilibaki Ulaya. Duncan Pittaway, mwanachama wa Vintage Sports-Car Club, aliviunganisha, na vilivyokosekana vikatengenezwa upya kwa kufuata picha na michoro. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa 2014 injini iliwaka kwa mara ya kwanza baada ya karibu karne nzima, moto ukiruka kutoka kwenye ekzosi fupi za ubavuni, na majira ya joto ya 2015 Fiat hiyo ilipanda kilima cha Goodwood mbele ya umati. Pittaway huipeleka pia kwenye mikusanyiko ya kawaida, ambako watu wanaweza kuikaribia na kuinusa.

Babs lenyewe huonyeshwa Pendine na Brooklands, sehemu mbili zenye haki nalo. Owen alifariki mwaka 2012, na walioshika nafasi yake wanaliwasha.

Tatizo linalowasumbua sasa ni mikono. Waliojifunza kupiga bati na kumimina beringi viwandani wamezeeka, na kijana anayefunzwa ufundi wa magari leo hufundishwa kompyuta na betri. Kwa hiyo katika uwanja wa zamani wa ndege za kivita huko Bicester, kaskazini mwa Oxford, ambao tangu 2013 umegeuzwa kituo cha karakana za magari ya kale, wanafunzwa vijana kazi hizo kwa kuajiriwa na kusoma kwa pamoja, wasichana kwa wavulana. Wengine wao huonekana Jumapili ya kwanza ya Novemba kwenye barabara ya Brighton.

Safari hiyo huanza Hyde Park jua linapochomoza, ina urefu wa kilomita zipatazo 96, na si mashindano. Mwendo wa wastani umewekewa kikomo, na hakuna wa kwanza wala wa pili. Ndiyo maana kwenye kilima chochote asubuhi ile utakuta gari la 1901 limesimama kando, limezungukwa na watu wa magari mengine matatu walioshuka na spana zao, wakiulizana mafuta yamekatikia wapi. Muda wanaoutumia hapo haumgharimu mtu chochote, ilimradi wote wafike kabla ya saa kumi na nusu jioni. Kila afikaye Brighton kabla ya saa hiyo hupewa medali ileile.